Tusiusifu Moyo Tukaisahau Kapilari

Ndugu wasikilizaji, walimu wenzangu, wanafunzi na wazazi mliofuatana nao, nawashukuru kwa kuja. Mada niliyopewa leo ni namna mzunguko wa damu unavyosafirisha vitu katika miili ya wanyama. Kwa kawaida mtu akipewa mada hii hukimbilia moyo. Huusifu, huhesabu mapigo yake, huchora vyumba vyake vinne, kisha akamalizia na ateri na vena. Mimi naomba nipitie mlango mwingine. Naomba nianze na umbali. Nina hakika kwamba aliyeelewa umbali atajua kwa nini moyo upo, na ambaye hakuuelewa anaweza kukariri majina ya mishipa yote na bado asijue ni ya kazi gani.

Twende kwenye seli. Seli ya mnyama yeyote, awe nzi au nyangumi, inahitaji oksijeni, sukari, amino asidi, chumvi na maji, na inahitaji kuondolewa taka zake. Hatua ya mwisho ya safari ya vitu hivyo, ile ya kuifikia seli yenyewe, kwa sehemu kubwa hufanyika kwa usambaaji, yaani chembe za kitu hutoka mahali zilipo nyingi kwenda mahali zilipo chache, zikigongana huku na huku bila kusukumwa na yeyote. Mnyama halipii chochote. Ila usambaaji una sharti gumu: umbali ukizidi mara mbili, muda huzidi mara nne, umbali ukizidi mara kumi, muda huzidi mara mia.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Oksijeni iliyoyeyuka majini huvuka mikromita 10, ambao ni upana wa seli ya kawaida, katika muda mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde. Milimita moja huichukua dakika kama nne. Sentimita moja, saa kama saba. Na mita moja? Miaka ipatayo minane. Ndiyo, miaka. Oksijeni inayoingia kifuani mwako sasa hivi, kama ingeachwa isambae yenyewe hadi kwenye kidole cha mguu, ingefika wewe ukiwa umekwisha kuzikwa na kusahaulika, na seli za ubongo huanza kufa baada ya dakika chache tu za kuikosa.

Hesabu hiyo ndiyo inayotawala maumbo ya wanyama. Mnyoo bapa anayeishi kwenye maji baridi hana moyo wala damu, naye anaishi vizuri kabisa, kwa sababu mwili wake ni mwembamba kiasi kwamba hakuna seli iliyo mbali na maji yanayomzunguka. Angekuwa mnene wa mviringo, seli za katikati zingekufa. Konyeza wa baharini anaweza kuwa mkubwa, wengine wapana kuliko mita moja, lakini seli zake zinazofanya kazi zimetandazwa katika tabaka nyembamba nje na ndani. Katikati amejaza ute ulio karibu maji matupu, usiohitaji chakula kingi. Wanyama hawa wamelikwepa tatizo la umbali. Anayetaka kuwa mkubwa, mnene na mwepesi wa kukimbia hawezi kulikwepa. Lazima awe na kitu kinachotembea, kibebe mizigo na kuifikisha jirani kabisa na kila seli, ili usambaaji umalizie hatua ya mwisho.

Wadudu wamelitatua tatizo hili kwa namna inayonishangaza kila ninapoifundisha. Mende ana moyo, ni mrija mrefu uliolala mgongoni. Mrija huo husukuma majimaji yaitwayo himolimfu kuelekea kichwani, kisha yanamwagika ndani ya uwazi wa mwili, yanavilowesha viungo moja kwa moja, na kurudi moyoni kupitia vitundu vyenye vali. Hakuna mishipa midogo ya kuyagawa. Huu ndio mfumo wazi, nao ni wa polepole. Sasa nyuki, mwenye mfumo huohuo, hupigaje mabawa yake zaidi ya mara 200 kwa sekunde? Misuli ya wadudu inayorusha mabawa ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni kwa kasi kubwa kuliko zote zinazojulikana. Jibu ni kwamba wadudu wameitoa oksijeni kwenye mzigo wa damu. Ubavuni wana matundu, na kutoka hapo mirija ya hewa inaingia ndani, inajigawa na kujigawa tena hadi inaigusa misuli yenyewe. Oksijeni inasafiri ikiwa hewa, na ndani ya hewa usambaaji ni wa haraka mara elfu nyingi kuliko ndani ya maji. Himolimfu imebakiwa na sukari, homoni, taka na ulinzi, na kwa mizigo hiyo polepole inatosha.

Nitaje pia buibui, kwa sababu kwake damu inafanya kazi ambayo wengi hawaifikirii. Katika baadhi ya viungo vya miguu yake hana misuli ya kunyoosha, ana ya kukunja tu. Mguu unanyooka kwa sababu himolimfu inasukumwa ndani yake. Mtazameni buibui aliyekufa: miguu yote imejikunja kuelekea tumboni. Msukumo umekwisha, na misuli ya kukunja haina tena wa kushindana naye.

Nyungunyungu na pweza, kila mmoja kwa njia yake, wamefika kwenye mfumo uliofungwa, ambamo damu haitoki nje ya mishipa. Pweza ana mioyo mitatu: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unaisukuma mwilini. Damu yake hubeba oksijeni kwa protini yenye madini ya shaba, himosianini, ndiyo maana ikijaa oksijeni huwa ya buluu.

Sisi wenye uti wa mgongo mfumo wetu pia umefungwa, lakini binadamu alichelewa sana kulijua hilo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa enzi ya Warumi, kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, huenda mwilini na kutumika huko ikaisha, na kwamba nyingine huvuja kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Cairo, aliandika wazi kwamba ukuta huo wa moyo hauna vitundu, na kwamba damu lazima ipite mapafuni ndipo ifike kushoto. Alikuwa sahihi. Kisha mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey akachapisha hoja ambayo mpaka leo naiona ni mfano bora wa kufikiri kwa namba. Alikadiria kiasi cha damu kinachotoka moyoni kwa pigo moja, akachukua makusudi kiasi kidogo, akakizidisha kwa mapigo ya nusu saa. Jibu likazidi damu yote iliyomo mwilini. Hakuna chakula kinachoweza kutengeneza damu nyingi namna hiyo kila nusu saa. Kwa hiyo ni damu ileile, inazunguka.

Jaribio lake la mkono tunaweza kulifanya hapahapa. Ning'inizeni mkono mmoja chini hadi mishipa ivimbe. Chagueni vena moja iliyonyooka kwenye mkono wa mbele, chini ya kiwiko. Kwa kidole kimoja ibonyezeni upande wa kiganja na msiiachilie. Kwa kidole kingine isugueni kuelekea kwenye kiwiko, mkiikamua damu, mpaka mpite kivimbe kidogo kinachoonekana kwenye mshipa. Sasa ondoeni kidole cha juu. Mnaona? Kipande kile kimebaki bapa, kitupu. Damu iliyo juu imekataa kurudi, kwa sababu kile kivimbe ni vali. Ondoeni kidole cha chini: mshipa unajaa mara moja, na unajaa kutoka upande wa kiganja. Damu ndani ya vena huelekea moyoni tu. Mtu asiye na kifaa chochote ameona kwa macho yake jambo lililopingwa na mabingwa wa enzi nzima.

Lakini Harvey alibakiwa na pengo. Aliona damu ikitoka kwa ateri na kurudi kwa vena, hakuona inapita wapi kutoka huku kwenda kule. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye, 1661, Mwitalia Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini akaiona mishipa myembamba sana inayoziunganisha. Ndizo kapilari, na ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Kabla ya hapo, niseme kidogo juu ya moyo ili usione nimeuonea. Moyo wa samaki una vyumba viwili, na damu hupita humo mara moja katika kila mzunguko: moyo, matamvua, mwili, moyo. Tatizo ni kwamba damu ikishapenya kwenye mishipa myembamba ya matamvua, msukumo wake umepungua sana, na bado ina safari ya mwili mzima. Chura ana vyumba vitatu, na ngozi yake yenye unyevu inamsaidia kuvuta oksijeni. Mamba ana vinne, pamoja na njia ya pembeni inayoweza kuipitisha damu bila kwenda mapafuni anapozama kwa muda mrefu. Ndege na wanyama wanyonyeshao, ambao kila ukoo ulifika kwenye vyumba vinne kivyake, wana pampu mbili kamili zilizoshikamana, moja ya mapafu na moja ya mwili.

Faida kubwa ya pampu mbili ni kuweza kuwa na misukumo miwili tofauti. Kwa mtu mzima mwenye afya, upande wa kushoto husukuma damu kwa takribani milimita 120 za zebaki, ilhali wa kulia ni kama 25 tu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ndani ya mapafu ni mwembamba kuliko mikromita moja. Ukiipeleka damu pale kwa nguvu ya upande wa kushoto, maji yatavuja na kujaza mapafu, na mgonjwa atazama akiwa kitandani. Ndivyo inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mwili unataka nguvu ya kufika mbali, na papo hapo unataka upole mahali pa kubadilishana hewa. Twiga ndiye mwenye kuonyesha gharama ya nguvu hiyo: ili damu ipande hadi kichwani, msukumo wake karibu na moyo ni kama mara mbili ya wetu. Kirukanjia mdogo kabisa moyo wake hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na nyangumi buluu, alipopimwa na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2019, ulishuka hadi mapigo mawili kwa dakika alipozama kutafuta chakula. Mioyo hii yote, mdogo na mkubwa, inatumikia mishipa midogo ambayo upana wake haupishani sana kwa kirukanjia na kwa nyangumi.

Haya, kapilari. Upana wa ndani ni mikromita 5 hadi 10. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Kwa hiyo mara nyingi chembe hupita moja moja kwa foleni, na nyingine hulazimika kujikunja ndipo zipenye. Ukuta wa kapilari ni seli moja tu iliyobapa. Katika tishu nyingi za mwili, hakuna seli iliyo mbali na kapilari kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, unene wa unywele. Rudini kwenye ile hesabu ya mwanzo: kwa umbali huo usambaaji unamaliza kazi ndani ya sekunde chache, na mara nyingi chini ya hapo. Miaka minane imegeuka sekunde.

Na angalieni mwendo. Damu ikitoka moyoni kwenye ateri kuu huenda kwa wastani wa sentimita kama 20 kwa sekunde. Ikifika kwenye kapilari inakwenda chini ya milimita moja kwa sekunde. Nani ameifungia breki? Hakuna. Kila kapilari ni nyembamba, lakini ziko nyingi mno, na ukijumlisha upana wa zote unapata eneo kubwa mara mamia kuliko la ateri kuu. Mto ukitoka bondeni penye kingo za mawe ukatanuka kwenye tambarare, maji yaleyale hutulia. Damu nayo hutulia hapo, na kapilari yenyewe huwa na urefu wa kama milimita moja, hivyo chembe nyekundu inapata sekunde moja au mbili za kushusha na kupakia. Baada ya hapo mishipa inaungana tena, na mwendo unaongezeka kuelekea moyoni.

Ndani ya sekunde hizo kuna mambo mengi yanayotokea, na mimi nitakaa zaidi kwenye oksijeni. Oksijeni haiyeyuki vizuri majini. Lita moja ya plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, hubeba mililita kama 3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Mtu aliyeketi kama ninyi hutumia kama mililita 250 kwa dakika. Kwa plazma peke yake moyo ungelazimika kusukuma zaidi ya lita 80 kila dakika, na moyo wa mtu aliyepumzika husukuma kama lita 5. Himoglobini, protini yenye madini ya chuma, inaipandisha lita hiyo moja hadi kubeba mililita kama 200. Chembe nyekundu moja ina molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, na kila molekuli ina nafasi nne. Chembe moja basi inabeba zaidi ya molekuli bilioni moja za oksijeni. Ili kupata nafasi ya mzigo huo, chembe nyekundu za wanyama wanyonyeshao zimetupa hata kiini chao. Kwa binadamu zinaishi siku kama 120 bila uwezo wa kujikarabati, kisha zinabomolewa, na uboho unatengeneza nyingine milioni mbili hivi kila sekunde.

Kubeba si kazi ngumu kuliko kuachia. Kitu kinachoshika oksijeni kwa nguvu sana hakifai, kwa sababu kitafika kwenye misuli na kukataa kuitoa. Himoglobini inashika vizuri palipo na oksijeni nyingi, mapafuni, na inalegea palipo haba. Mwaka 1904 Christian Bohr wa Denmark na wenzake walionyesha jambo jingine: kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, huifanya himoglobini ilegee zaidi. Fikirini maana yake. Msuli unaofanya kazi kwa bidii hutoa hewa ukaa, asidi na joto, na vyote vitatu vinaiambia himoglobini iachie. Hakuna amri kutoka kwenye ubongo. Taka za msuli zenyewe ndizo zinazoomba oksijeni. Mkiwa mmeketi hivi, himoglobini yenu inaacha kama robo tu ya mzigo wake na kurudi na robo tatu. Hiyo ndiyo akiba ya mtu anayeinuka ghafla kukimbia.

Na ndiyo sababu monoksidi ya kaboni inaua. Gesi hiyo, inayotoka kwenye mkaa unaowaka au injini inayonguruma ndani ya chumba kilichofungwa, hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haina harufu wala rangi. Moyo unapiga, damu inazunguka, kapilari ziko wazi, ila nafasi zimekaliwa. Nawaomba sana msilale na jiko la mkaa ndani.

Kuna samaki wa bahari ya Antaktika, wa ukoo mmoja, wasio na himoglobini kabisa. Damu yao haina rangi, kama maji. Wanaweza kuishi hivyo kwa sababu maji baridi sana hushika oksijeni nyingi zaidi na miili yao haina haraka. Hata hivyo wanalipa, kwani wana mioyo mikubwa na damu nyingi kuliko samaki wa ukubwa wao. Ile hesabu ya lita 80 inawafuata hata huko kwenye barafu.

Hewa ukaa hurudi kwa njia yake. Inaingia ndani ya chembe nyekundu, na kimeng'enya kilichomo humo, chenye kasi ya ajabu, kinaiunganisha na maji iwe asidi dhaifu, ambayo inageuka bikaboneti na kutoka kwenda kwenye plazma. Kama asilimia 70 ya hewa ukaa husafiri hivyo. Mapafuni mambo yanageuka kinyume, na tunaipumua nje.

Chakula kina taratibu zake. Sukari na amino asidi zinazofyonzwa kwenye utumbo haziendi moja kwa moja moyoni. Zinapita kwanza kwenye ini kwa mshipa wa pekee, na ini huamua kiasi cha kuweka na cha kuachia. Mafuta mengi hayapiti huko. Huingia kwenye mirija ya limfu na kumwagika kwenye damu karibu na shingo. Homoni nazo hupandishwa kwenye damu kama abiria wengine: insulini ikitoka kwenye kongosho inafika kila mahali ndani ya dakika moja hivi, lakini inasikika tu na seli zenye kipokezi chake. Chembe nyeupe hubanwa kati ya seli za ukuta wa kapilari na kutoka kwenda kwenye kidonda. Joto pia ni mzigo, na mtu akitokwa jasho damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi kwa ajili hiyo.

Mirija ya limfu inastahili muda zaidi kuliko inaoupata madarasani. Kapilari huvuja, na ni lazima zivuje, kwa sababu msukumo wa damu unatoa maji nje yakiwa na vitu vya seli. Mwaka 1896 Ernest Starling alieleza kinachoyazuia yasitoke yote: protini za plazma, hasa albumini, huyavuta maji yabaki ndani. Mtu ambaye ini lake limeshindwa kutengeneza albumini ya kutosha, au figo zake zinaimwaga kwenye mkojo, huvimba miguu hata kama moyo wake ni mzima. Maji yanayobaki nje hukusanywa na limfu, lita 2 hadi 4 kwa siku. Plazma yote ya mtu mzima ni kama lita 3. Kwa maneno mengine, mirija hii isiyotajwatajwa isingefanya kazi kwa siku moja tu, karibu plazma yetu yote ingekuwa imemwagikia kwenye nyama. Wanaougua matende wanaijua gharama hiyo: minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu huharibu mirija ya limfu, na mguu unavimba usirudi.

Damu ya lita 5 haitoshi kujaza mishipa yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hugawanywa. Ateri ndogo kabisa, kabla tu ya kapilari, zina misuli inayoweza kubana na kulegea. Figo hupata kama sehemu moja ya tano ya damu yote wakati wa mapumziko, kwa sababu zinaisafisha, ingawa zenyewe ni ndogo. Misuli ya mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote inaweza kuchukua hadi asilimia 80, huku utumbo ukipunguziwa. August Krogh, aliyekuwa mwanafunzi wa Bohr, alionyesha kwamba katika misuli iliyopumzika kapilari nyingi hazipitishi damu, na zinafunguka kazi inapoanza. Kwa utafiti huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Alikuwa ameiangalia damu kutoka upande ninaoutetea leo, upande wa seli inayosubiri.

Sheria ya umbali haina upendeleo. Kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hakina mishipa, kwa kuwa kingekuwa nayo kisingepitisha mwanga. Kinachukua oksijeni kutoka kwenye hewa kupitia machozi, ndiyo maana madaktari wa macho wanawakataza watu kulala na lenzi zisizopitisha hewa. Gegedu la goti nalo halina mishipa, na likiumia hupona polepole sana au lisipone. Hata saratani inatii. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Mmarekani, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi milimita moja au mbili bila kuvuta mishipa mipya ya damu, na kwamba ukiuzuia kuvuta mishipa utauzuia kukua. Wengi walimpinga kwa miaka. Mwaka 2004 dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa wazo hilo iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana. Haiponyi, hurefusha maisha ya baadhi ya wagonjwa, na mara nyingi uvimbe hutafuta njia nyingine ya kujipatia damu.

Na wale wanaojaribu kukuza viungo maabara, ini au moyo wa kumpandikizia mgonjwa, wamesimama kwenye ukuta huohuo. Seli wanazo, na wanajua kuzilisha. Ngozi nyembamba imekwisha kukuzwa na inatumika kwa walioungua. Ila wakiongeza unene, seli za katikati zinakufa kwa kukosa oksijeni, sawasawa na ambavyo zingemfia mnyoo bapa anayejaribu kunenepa. Kinachowashinda kwa sasa ni kuzipenyeza kapilari hai, maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwa umbali wa unywele kutoka kwa jirani yake. Kama kuna mwanafunzi humu ndani anayetafuta jambo la kuutumia umri wake, kazi hiyo bado iko wazi. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.